Sala ya Ukuta Mwembamba: Mwongozo kwa Mkristo Wakati wa Hofu

Ewe msomaji uliye Nakuru, au Njoro, au Molo, au popote katika sehemu hii ya kati ya Bonde la Ufa, nakuandikia wewe ambaye usingizi umekukimbia. Na sitakuuliza kwanza hofu yako ni ya nini, kwa maana katika nchi yetu hii sababu za hofu hazijapata kuwa haba. Huenda ni uchaguzi unaokaribia, nawe ni mtu mzima unayekumbuka. Huenda ni mvua ya masika inayopiga bati usiku, na nyumba yako iko chini ya bwawa au kandokando ya korongo. Huenda ni Ziwa Nakuru, ambalo kwa miaka mingi sasa limekuwa likipanda na kumeza nyumba za pembezoni mwake pamoja na lango la mbuga. Au ni kazi iliyokwisha, au ni karatasi ya daktari uliyoikunja ukaiweka chini ya mto, usitake hata mwenzio aione. Hofu hizo zote zina namna moja ya kumwingia mtu, na nadhani pana namna moja ya kukaa nazo mbele za Mungu, ijapokuwa si njia ya mkato, wala mimi si mtu wa kukuahidi kwamba mwisho wake hofu itaondoka.

Kabla ya yote nataka nikuondolee mzigo ambao hukupaswa kuubeba. Wako Wakristo wengi, nami nimeketi nao katika kamati za kanisa na katika matanga, wanaodhani ya kuwa kuogopa ni ushahidi wa upungufu wa imani, hata wakaongeza aibu juu ya hofu, na mtu aliyekuwa na shida moja akawa na mbili. Isome Injili taratibu, nawe utaona ya kwamba Bwana mwenyewe, usiku ule katika bustani ya Gethsemane, alifadhaika sana, jasho lake likamtiririka kama matone ya damu, na jambo alilowaomba rafiki zake watatu lilikuwa dogo tu, kwamba wakae karibu naye na wakeshe. Nao, maskini, wakashindwa na usingizi. Ikiwa yeye alitamani kuwa na watu kando yake katika saa ile, wewe unaona haya gani kumwambia mkeo, au dada yako, au mchungaji wako, kwamba unaogopa?

Na wale wanafunzi waliopigwa na tufani ziwani Galilaya hawakuwa wageni wa maji. Baadhi yao walikuwa wavuvi wa ziwa lile lile. Mimi huipenda habari hiyo kwa sababu ya pekee, nayo ni kwamba ziwa hilo, wasemavyo wajuzi wa ardhi, limo ndani ya ule mpasuko mrefu unaoanzia nchi za Shamu, ukafuata Bahari ya Shamu, ukaingia Uhabeshi, ukateremka hadi kwetu, ukatuachia Baringo, Bogoria, Nakuru, Elementaita na Naivasha. Mvuvi wa Naivasha ajuaye jinsi maji yaliyokuwa shwari tangu alfajiri yanavyochafuka alasiri, upepo unapoinuka, hahitaji mfasiri wa habari ile. Tazama basi walichokifanya wenzake wa Galilaya: walimwamsha Bwana kwa maneno yasiyo na adabu, wakimlaumu kwamba hajali wakiangamia, na hayo ndiyo yaliyokuwa maombi yao yote, nayo yalijibiwa. Kwa hiyo usingojee mpaka upate maneno mazuri.

Lakini maneno yawe ya kweli, na hapa pana kazi ya mkono. Chukua kipande cha karatasi, uandike juu yale uliyoyaona kwa macho yako, chini yake yale uliyoambiwa, na chini kabisa yale ambayo moyo wako umeyatunga wenyewe katika saa za usiku. Aghalabu sehemu ya kwanza itakuwa na mistari miwili au mitatu, na zile nyingine mbili zitajaa hata ukakosa nafasi. Waliokuwapo Nakuru mwanzoni mwa mwaka 2008 wanajua kwa nini nalitilia mkazo jambo hili. Kura zilikuwa zimepigwa tarehe 27 Desemba iliyotangulia, matokeo yakatangazwa tarehe 30, na kwa majuma kadhaa mji wetu ulikuwa ukipokea watu waliokimbia kutoka kaskazini, wamepanda malori pamoja na magodoro yao, huku sisi wenyewe tukilala na kuamka katika amani ya mashaka. Hata lilipofika juma la mwisho la Januari moto ukatuwakia sisi pia, Kaptembwa, Rhonda na mitaa mingine, na tarehe 27 ukashika Naivasha. Katika siku zile simu za mkononi zilitutia wazimu. Kila upande uliletewa habari kwamba upande wa pili unakuja usiku huu, na kwa kuwa kila upande uliamini, kila upande ulitoka nje na rungu mkononi, ukaonekana na mwenzake kuwa kweli unakuja. Alhasili uvumi ulijizalia ushahidi wake wenyewe. Basi habari iliyo katika sehemu ya pili ya karatasi yako usimpelekee mtu yeyote mpaka umempata aliyeona. Na usipompata, iweke mbele za Mungu, ife hapo. Kunyamaza huko ni ibada, na pengine ndiyo ibada iliyokuwa adimu kupita zote katika Januari ile.

Mwili nao usiusahau. Nabii Eliya, alipomkimbia Yezebeli akaingia jangwani mwendo wa siku moja, akaketi chini ya mti akaomba afe, hakupelekewa hotuba; alipelekewa mkate uliookwa juu ya makaa, na maji, akala, akalala, akaamshwa, akala tena, na ndipo safari ikaendelea. Kwa hiyo kama una siku tatu huna tumboni ila chai, pika ugali, ule, ulale, kisha tuzungumze habari za imani. Na ikiwa majuma yamepita, na moyo hautulii, na ndoto ni zile zile za moto au za maji, na dunia imekuwa chungu hata unawaza kuiaga, nenda hospitali leo, na usiende peke yako. Mwambie mtu mmoja unayemwamini akusindikize hadi mlangoni na akungoje. Hakuna aliyeikana imani yake kwa kumeza dawa, na mhubiri anayekukataza hospitali amepita mpaka wa kazi yake.

Sala ya mtu mwenye hofu iwe fupi, na iwe na saa yake isiyobadilika, kwa sababu moyo uliotaharuki hauwezi kujitungia utaratibu, hauna budi kuukuta utaratibu ukiungojea. Nami nakushauri alfajiri kabla ya kuiwasha simu, na usiku baada ya kuizima. Tumia Zaburi, moja kila wakati, uisome kwa sauti ifikayo masikioni mwako. Katika zile 150, theluthi moja hivi ni malalamiko, jambo ambalo wengi wetu tuliolelewa katika nyimbo za furaha hatukuambiwa. Ile ya 13 inamuuliza Mungu mara nne ni lini taabu itakoma. Na ile ya 88 inaanza katika dhiki na kuishia gizani, bila neno la faraja mwishoni, nayo wazee wa kale hawakuitoa Kitabuni wala hawakuitia mkia wa kuipamba. Mwaka niliofiwa ndiyo iliyonishika mkono, kwa kuwa haikunihimiza nipone upesi.

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu.

Mwaka ule wa 2008 nilikuwa nimepanga chumba katika ploti moja upande wa magharibi wa mji, na kati yangu na jirani yangu palikuwa na ukuta wa mbao, mwembamba hata nikajua saa ambayo kitinda mimba wake huanza kukohoa. Yeye alikuwa wa kabila jingine. Tulikuwa tumekaa pamoja miaka sita, tukikopeshana makaa na chumvi, tukisali kanisa moja. Lakini lilipoingia juma lile kila mmoja wetu aliacha kusema Kiswahili ndani ya chumba chake, akarudi katika lugha ya mamaye, tena kwa sauti ya chini, na ukuta ule wa mbao ukawa mnene kuliko ngome ya Mombasa. Usiku wa pili nikamsikia akinong'ona, kwa muda mrefu, na sikufahamu hata neno; ila katikati ya mnong'ono ule nikasikia jina langu. Likarudiwa. Kisha nikasikia jina la mke wangu, na majina ya wanangu, mmoja mmoja, kwa taratibu ya umri wao. Sina haja ya kukueleza nilichokifikiri. Niliivuta meza nikaiegemeza mlangoni, nikaketi juu yake mpaka kulipokucha, panga liko magotini, mimi mzee wa kanisa, na katika maandiko yote niliyoyahifadhi sikupata hata moja la kunituliza.

Asubuhi alipiga hodi. Alikuja kuuliza kama mtoto wetu wa pili, aliyekuwa na homa, amepata nafuu, kwa kuwa yeye na mkewe walikuwa wamemwombea usiku, na walitutaja sote kwa majina wasije wakamsahau mmoja. Nikamtazama machoni nikaona kwamba yeye pia hakulala. Nikamweleza jinsi nilivyokesha juu ya meza. Akakaa kimya kitambo, kisha akasema ya kuwa waliusikia mkwaruzo wa meza ikivutwa, wakadhani ninatoka kwenda kuwaita watu, na mkewe akawavika watoto viatu.

Tangu usiku wa siku hiyo tuliomba kwa Kiswahili, kila mmoja upande wake wa ukuta, kwa sauti ya kusikika, na aliyemaliza mwenzake akamwitikia Amina. Ilikuwa siku tatu tu, maana siku ya nne hali ilizidi, ikambidi aipakie jamaa yake katika lori kwenda Uwanja wa Afraha, walikokimbilia wengi, na mimi nikamchukulia godoro hadi barabarani, akanikabidhi ufunguo wa chumba chake kama mtu anayekwenda sokoni. Alirudi mwezi wa nne. Alirudi kuchukua kabati na vitanda, si kukaa. Ufunguo nilimpa, tukasimama katikati ya chumba kitupu tukaomba, na hata leo kila mwaka Januari hupigiana simu.

Nimelieleza jambo hili kwa kirefu kwa sababu ndani yake nimepata kipimo ambacho sijakiona kikikosea. Hofu ikimwingia mtu humfundisha kuomba kama imfundishavyo kulaani, na maneno ya sala hizo mbili hufanana, kiasi cha mwenyewe kutojua ameshika ipi: tulinde, Ee Mungu, sisi, uwaaibishe hao. Basi ipime hivi. Sala ambayo jirani yako wa kabila jingine, akiisikia kupitia ukutani na kuifahamu, hawezi kuiitikia Amina, hiyo bado ni hofu iliyopiga magoti. Iendelee kuombwa, sikukatazi, maana wapi pengine utaipeleka? Lakini usiinuke mpaka imegeuka.

Ili igeuke, mtaje mtu. Omba kwa lugha ya mama yako kadiri upendavyo, maana Mungu aliijua kabla hujazaliwa. Lakini kila siku, japo kwa dakika tano, omba na kwa Kiswahili, na katika sala hiyo umtaje kwa jina mtu mmoja ambaye wewe au jamaa zako mnamwogopa, umtaje pamoja na wanawe, na kama hujui majina ya wanawe, hilo lenyewe limekuonyesha kazi ya kesho asubuhi. Ikiwa kanisa lako lina ibada ya Kiswahili na nyingine ya lugha ya nyumbani, katika miezi ya wasiwasi hudhuria ile ya Kiswahili, hata kama wimbo wa lugha yako ndio unaokutoa machozi. Mji wetu ulizaliwa na reli iliyofika hapa mwaka 1900, ukakua kwa vibarua wa mashamba na mafundi waliotoka kila upande, na hauna lugha nyingine ambayo ndani yake sote tunaweza kuogopa pamoja. Jumuiya ndogo ndogo na vyama vya akina mama vikutane kwa zamu katika nyumba za makabila mbalimbali, watu wanywe chai humo, wajue choo kiko wapi na bibi wa nyumba analala chumba gani, kwa sababu nyumba uliyonywea chai ni vigumu kuisikia ikichomwa ukanyamaza. Na hayo yafanyeni sasa, kungali na amani. Wakati wa hofu hakuna anayeanza desturi mpya.

Sharti nikuonye pia juu ya wafanya biashara ya hofu, ambao huzidi kila mara nyakati zinapokuwa ngumu. Wako Wakristo waaminifu wanaoteremka katika mapango ya Menengai, kule ndani ya kreta iliyo juu ya mji, wakafunga na kuomba humo kwa siku kadhaa. Na Wakatoliki hupanda kwenda Subukia, kwenye kituo cha kitaifa cha hija cha Mama Maria, wakateka maji ya chemchemi iliyo mlimani. Sitamzuia mtu. Walakini, ukienda pangoni, usiende peke yako, waambie wa nyumbani siku utakayorudi, usiache kunywa maji, na kama una sukari au presha au mimba, muulize daktari kwanza. Na zaidi ya hayo, yule anayekupeleka umtazame mikono. Akitaka pesa kabla ya sala, akikutenga na ndugu zako, akikwambia kwamba shule na hospitali ni kazi za shetani, akikutisha zaidi ya ulivyokuwa ukitishika ulipomjia, toka. Mwaka 2023 katika msitu wa Shakahola, kule Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu waliofuata mafundisho ya kufunga hadi kufa, na wengi walikuwa watoto ambao hawakuchagua lolote. Watu wale walianza kama wewe na mimi, na hofu ya siku za mwisho na kiu ya kumpendeza Mungu. Ndiyo maana siwezi kuwataja bila huzuni, wala siwezi kunyamaza.

Je, imani inakataza maandalizi? Ukiweza kusoma mlango mmoja tu wa Agano la Kale mwaka huu, uwe ule wa 32 wa Yeremia. Jeshi la Babeli limeuzingira mji, nabii mwenyewe amefungwa uani kwa walinzi kwa sababu amesema wazi kwamba mji utaanguka, na katika hali hiyo anajiwa na binamu yake, Hanameli, amwuzie shamba lililoko Anathothi. Yeremia analinunua. Anapima shekeli 17 za fedha, anatia sahihi mbele ya mashahidi, anaweka muhuri, kisha anamwagiza karani wake Baruku azitie hati katika chombo cha udongo zipate kukaa siku nyingi. Sisi watu wa Bonde la Ufa, ambao hatimiliki ya shamba imetulaza macho vizazi na vizazi, na ambao tumeona mapigano ya ardhi Molo mwaka 1992 na Njoro mwaka 1998, hatuna udhuru wa kutouelewa mlango huu. Nabii hakudanganyika kwamba mji utapona, alijua hautapona, na hata hivyo alinunua, akahifadhi, akapanga mambo ya watu watakaokuja baada yake.

Chungu cha Baruku katika nyumba yako ni mfuko wa nailoni usiopenyeza maji, wenye nakala za vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, hati ya shamba, na dawa za mgonjwa za majuma mawili, umetundikwa mahali ambapo hata mtoto wa miaka kumi anapajua. Mkubaliane mtakutana wapi ikiwa mmetawanyika. Kama unaishi chini ya bwawa au karibu na njia ya maji, panda mwenyewe mchana ukaitazame njia ya kufika mwinukoni, maana bwawa la Solai lilipobomoka tarehe 9 Mei 2018 lilipasuka usiku, na watu wapatao 48 wakafa; na maji yaliyokifagia kijiji cha Kamuchiri, Mai Mahiu, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, yaliwakuta watu vitandani. Asiyekimbilia mwinukoni kwa kuwa anaomba hajamtii Mungu kuliko anayeomba huku anapanda.

Na kisha panda mbegu. Mapatano kati ya washindani wa uchaguzi ule, Mwai Kibaki na Raila Odinga, yalitiwa sahihi tarehe 28 Februari 2008, wakati wakulima wetu wanapongojea mvua ya kwanza, na wako waliotoka kambini mchana wakaenda kuchimba mashimo ya mahindi na mistari ya viazi katika mashamba yaliyokuwa na majivu ya nyumba zao, wakarudi jioni kulala hemani kwa kuwa hawakuthubutu kulala shambani. Nimesikia mahubiri mengi juu ya imani, na mengi yamenitoka. Picha ya jembe lile la mchana na hema lile la usiku haijanitoka. Kazi yako ya kila siku, iwe ni cherehani, au kibanda cha mboga, au somo la watoto darasani, usiiache mpaka hofu iishe. Ifanye nusu ikiwa nzima imekushinda.

Lakini sikufichi kwamba waliomwamini Mungu waliungua. Tarehe 1 Januari 2008, Kiambaa, karibu na Eldoret, watu waliokimbilia ndani ya kanisa, wengi wao wanawake na watoto, walichomewa humo. Na tume iliyoundwa kuchunguza ghasia za miezi ile ilihesabu waliouawa nchini kuwa 1,133. Mtu akikwambia kwamba mwenye imani halisi hapatwi na jambo, mwulize habari za Kiambaa, na akiwa na jibu la haraka, mwache aende zake. Mimi sina jibu. Ninao watu wawili tu wa kukutajia. Askofu Raphael Ndingi Mwana a'Nzeki aliliongoza jimbo Katoliki la Nakuru tangu 1971 hadi 1996, na yale mapigano ya ardhi yalipowatimua watu makwao alisimama akasema hadharani, wakati ambapo kusema kulikuwa hatari, kwamba mambo yale hayakujizukia. Akafariki mwaka 2020, mzee wa miaka 88. Padre John Kaiser, Mmarekani aliyekaa na waliohamishwa katika kambi ya Maela na kuwasemea, alikutwa amekufa kando ya barabara karibu na Naivasha tarehe 24 Agosti 2000, na iliichukua mahakama hadi mwaka 2007 kutamka kwamba aliuawa. Mmoja alifikia uzee, mwingine hakuachiwa, wala sitathubutu kusema kwamba imani ya huyu ilizidi ya yule. Wote wawili walikataa kuiacha hofu iwachagulie wa kumpenda na la kusema, na hilo, nadhani, ndilo tunaloweza kuliomba bila kujidanganya.

Imebaki saa tisa ya usiku, ambayo naijua kama uijuavyo. Usilale ukiitazama dari. Keti, weka nyayo zako sakafuni upate baridi yake, washa taa, unywe maji ya moto taratibu. Sikiliza kilichopo: mbwa wa mbali, lori linalopanda barabara ya Eldoret, pumzi za watoto, uhesabu pumzi hizo mpaka zako ziwe mwendo wa zao. Ikiwa ile karatasi iko karibu, isome sehemu ya kwanza peke yake. Kisha omba, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo ukuta hauwezi kuizuia. Mtaje mwenzio wa upande wa pili, na mkewe, na wanawe mmoja mmoja, kwa taratibu ya umri wao, na mambo yao unayoyajua, homa, karo, mzee aliye kijijini. Useme na hofu yako mwenyewe bila kuipunguza. Ukimaliza, nyamaza, usikilize.